Chandarua Kichwani, Njia ya Mkotokuyana

Naanza kwa kusema kwamba sikujuta, ili anayesubiri nijute afunge kitabu mapema akaendelee na shughuli zake. Nimezeeka, magoti hayanitaki, na wengi walionisengenya wamekwisha kutangulia. Ningeweza sasa kuwasamehe wote kwa mkupuo na kusema kwamba tulikuwa wajinga pamoja. Sisemi hivyo. Wao walikosea, mimi nilikuwa na haki, na nitaeleza kwa nini.

Kwetu Likunja, upande wa Ruangwa, mwanamume akioa ndiye aliyehamia kwa mke. Alikuja na jembe lake, akalima shamba la wakweze, nao wakamtazama mgongo wake unavyopinda mpaka waamue kama wamepata mtu au wamepata mdomo mwingine wa kulisha. Mwanamke akimchoka mume, hakuhitaji maneno mengi. Alilichukua lile jembe, akalibeba waziwazi mpaka kwa watu wa mume, akalitua uani kwao. Likishatua, ndoa imekwisha, na jembe halirudi lilikotoka. Mume aliyerudishiwa jembe alichekwa mpaka anaoa tena, na wengine walichekwa hata baada ya hapo.

Kisha Wazungu wakaja Nachingwea na mashamba yao ya karanga. Matingatinga yakang'oa pori, vijana wetu wakaenda kufuata mshahara, na kule kambini wakaona mambo, wakayaiga. Mojawapo lilikuwa chandarua. Ghafla posa isiyo na chandarua ikawa posa ya mtu hohehahe. Mhindi wa dukani aliuza shashi, kitambaa chepesi cha matundu, fundi wa barazani kwake akashona, na bwana harusi akaja ukweni na chandarua kimekunjwa juu ya jembe. Haikupita miaka mingi, mwanamke akimkataa mume, kilichorudishwa kikawa chandarua. Desturi yenyewe ilikuwa changa, tuliizidi umri sote, lakini wazee waliisimamia kana kwamba waliachiwa na mababu wa mababu zao.

Mume wangu naye alikuja na chake, cha shashi nyeupe chenye pindo la bafta nzito ili kisipeperuke. Alikuwa akifanya kazi Nachingwea, akifuata nyuma ya tingatinga kukusanya visiki, na alikuja nyumbani kila aliporuhusiwa. Alikuwa mpole, hana makeke, mcheshi akishashiba. Nilimpenda, na sioni haya kuandika hivyo.

Tulijaliwa mtoto wa kiume. Alipoanza kukaa bila kuegemezwa tukaitwa harusini Mkotokuyana, kwa watu wa mume wangu, safari ya miguu ambayo ni lazima ulale njiani. Chandarua tulikiacha kitandani, maana ni nani angethubutu kukitoa? Njiani tulilala barazani kwa watu. Kule harusini tulilala mikekani, wageni tumepangwa ubavu kwa ubavu, mbu wakijichagulia. Asubuhi uso wa mwanangu ulikuwa umejaa vipele, na watu wakasema, mtoto mnono huyu, hata mbu wamempenda. Nilicheka nao. Tuliporudi nyumbani, kabla hata mahindi hayajakauka shambani, alishikwa na homa, kisha degedege, tukamzika.

Degedege lilikuwa na maelezo mengi kwetu. Kuna waliosema ndege wa usiku alipita juu ya paa. Kuna waliosema nilimtoa mtoto nje wakati wa magharibi bila kumfunika utosi. Niliwasikiliza wote kwa sababu ya adabu. Kisha nikaenda Nachingwea kliniki, matiti yakiniuma, yamejaa maziwa na hakuna wa kuyanyonya, na pale dresa akatuambia akina mama tuliojipanga ukutani kwamba homa ile inaletwa na mbu, kwamba anaitoa kwa huyu anampelekea yule. Wenzangu walicheka, wakaulizana mbu ana mfuko gani wa kubebea homa. Mimi nilisimama pale na kanga yangu imelowa maziwa, nikafikiria vile vipele.

Alipozaliwa wa pili, wa kike, nilijiwekea sharti moja tu. Jua likishuka, mtoto yuko ndani ya chandarua. Wageni wangekuja, ngoma ingelia, jirani angeita kwa dharura, mtoto yuko ndani. Watu walisema nimeingiwa na woga wa mtu aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Niliwaambia ndiyo, nashtuka, na ninyi mngeumwa mngeshtuka.

Ndipo mkwe wangu mwanamume akafariki, masika yakiwa yamekolea. Ikaja habari kwamba arobaini yake inasomwa Mkotokuyana na kwamba mjukuu aletwe. Kutokwenda isingewezekana. Mzee yule alinipenda, alikuwa akiniletea ming'oko, vile viazi vya porini, iliyokwisha kuchemshwa, ameifunga kwenye jani, ili nisihangaike kuchimba nikiwa na mimba. Mume wangu alikuwa kambini, angefika huko moja kwa moja. Mimi nilipewa mama mdogo wangu wa kunisindikiza, mwanamke mwenye mwendo mzuri na ulimi mkali.

Asubuhi ya kuondoka alinikuta nakikunja chandarua juu ya mkeka.

"Mwanangu, hicho nini?"

"Chandarua, mama."

"Nakiona. Nauliza kinakwenda wapi."

"Kinakwenda na mtoto."

Akaketi palepale kwenye kizingiti. Akaniuliza kama mume wangu amenipiga. Nikasema hajanipiga. Akauliza kama ana mwanamke kambini. Nikasema kama anaye hajaniambia. Akauliza kama nimempata mwingine. Nikamwambia, mama, mimi na mtoto mgongoni na shamba la mihogo, huyo mwingine ningempatia wapi?

"Basi unajua watu watasema nini," akasema. "Kuanzia hapa mpaka kule, kila atakayekuona atajua unanrudishia mumeo chandalua. Na ukikitua kwa wakwe zako, umekwisha kuachika. Hakuna wa kukurudishia nyuma."

"Sitakitua."

"Utakaa umekibeba siku zote za msiba?"

Nikaendelea kukunja. Akanishauri nimfunike mtoto kanga. Nilimwambia kanga huipiga teke ikaondoka, na isipoondoka inamziba pumzi. Akasema tutawasha magunzi ya mahindi na kivumbasi. Nilimwambia wa kwanza aliwashiwa hayo, akakohoa usiku kucha na mbu wakamla vilevile. Mwishowe akasema basi kifichwe ndani ya tenga, chini ya unga, kisionekane.

"Njiani nitakificha," nikasema. "Na jioni nitakitundika kwa siri?"

Liwalo na liwe, nikakiviringisha ndani ya mkeka, pindo likitokeza huku na huku, nikajitwika.

Hatukuwa tumefika mbali watu wakaanza. Wanawake waliokuwa wakipalilia walisimama, wakaegemea majembe. Mmoja akapiga kigelegele cha kejeli. Mwingine akaniuliza kwa sauti amekosa nini maskini wa Mungu. Mama mdogo aliwajibu kila mmoja kwa zamu, na alipochoka kujibu akaanza kutembea hatua kadhaa mbele yangu, kama mtu anayekwenda zake. Nilimwacha. Mtoto alikuwa mgongoni amelala, na mimi nilikuwa nawaza jambo moja, jioni itatukuta wapi.

Ilitukuta kwa shoga wa mama mdogo, mbele ya Ruangwa, kwenye njia ya Nachingwea. Alitupokea kwa furaha, akatupa maji, kisha macho yake yakapanda juu ya kichwa changu. Binti yake alikuwa ameolewa mwezi uliopita na mkwe mpya alikuwa mle ndani anapumzika.

"Karibuni mle, karibuni mlale," akasema. "Lakini hicho hakiingii nyumbani mwangu. Ndoa ya mwanangu ingali mbichi."

Nikamwuliza kama jiko lake nalo ni nyumba. Akafikiri. Jiko lilikuwa banda la nyuma, kuta za fito zisizokandikwa. Akasema jiko si nyumba. Basi nikaenda jikoni. Jua lilikuwa linazama na mbu walikuwa wamekwisha kuanza, wale wa masika, wanaotoka kwenye madimbwi kwa pamoja. Nilifunga kamba kwenye boriti, nikakishusha chandarua juu ya mkeka kando ya mafiga, nikamwingiza mtoto, nikaingia, nikachomeka pindo chini ya mkeka pande zote.

Mama mdogo alibaki nje ya shashi, kiburi kinamkataza kuingia kwenye kitu alichokilaani toka asubuhi. Alijipiga shavu. Alijipiga shingo. Alimtukana mbu, akamtukana mama yake mbu, akanitukana mimi. Kisha nikasikia sauti tofauti kidogo.

"Mwanangu, humo hakuna nafasi ya kichwa?"

Nikainua pindo. Akaingiza kichwa na mabega, miguu ikabaki nje imefungwa kwenye kaniki. Aliamka asubuhi akisema alilala kwa sababu ya uchovu wa safari tu, si kwa sababu ya chandarua.

Siku iliyofuata mvua ilitupa nafasi. Tulipokaribia mashamba ya karanga alitupita mchuuzi wa samaki wakavu, na baiskeli yake imelemewa. Alishuka makusudi ili atembee nasi. Akaniuliza mume wangu ni nani, na mama mdogo, ambaye siku zote hujibu kabla hajafikiri, akamwambia. Mchuuzi akasema loo, yule mpole, nitamkuta leo kambini. Akapanda baiskeli, akakanyaga kwa haraka ambayo samaki hawakuihitaji. Nilijua habari itafika kabla yangu. Nilipandwa na hasira, kisha nikajiambia acha ifike, nani alisema nakwenda kwa siri.

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama mwanzo wa ua tulipoingia Mkotokuyana. Alikuwa amekaa eda ya mumewe, hakupaswa kwenda mbali, na alisimama pale palipoishia ruhusa yake. Alikuwa mwanamke mrefu. Nyuma yake waliketi waombolezaji, na mjomba wa mume wangu, mkubwa wao, alikuwa kwenye kiti cha uvivu barazani. Kwetu mjomba akisema, baba ananyamaza, na hapa baba mwenyewe alikuwa kaburini.

Nilipiga goti nikiwa na mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Nikasalimu. Hakuitikia.

"Nkwe wangu," akasema, "hukuweza kungoja hata mwanamke mwenzio atoke eda? Unatuletea hiki leo, kwenye arobaini?"

"Sikukileta kurudisha, mama. Nimekuja nacho kwa ajili ya mtoto, na nitaondoka nacho."

Watu waliguna. Mjomba akasema kutoka kitini, kitue tu, mwanamke, umekwisha kufika. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma zaidi, maana alikuwa amekwisha kuamua. Nilibaki nimesimama. Mama mdogo alinong'ona kwamba nikitue kwa jirani. Nilikataa. Nilipita katikati ya waombolezaji, nikaenda upenuni mwa nyumba, upande wa nyuma, ambako paa la makuti lilishuka chini. Bado kikiwa kichwani, nikavuta kamba, nikaifunga kwenye pau, nikakiacha kining'inie. Hakikugusa ardhi yao. Wazee wakaanza kubishana kama kuning'iniza ni kutua, na ubishi huo ukawasaidia kupitisha jioni nzima ya msiba.

Jua lilipoinama nikamlaza mtoto humo. Mama mkwe alikuja peke yake, akachuchumaa nje ya shashi. Nilitaka kutoka kwa heshima yake, akanizuia kwa mkono.

"Nani kakwambia ni mbu?"

Nikamweleza maneno ya dresa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimezaa watoto wengi kuliko waliopo hapa," akasema. "Nusu nimewazika, wote kwa homa hiyohiyo. Nililala nao barazani, nililala nao shambani tukilinda nguruwe. Sasa wewe waja na hiki kitambaa, wanning'inizia hapa, waniambia walikufa kwa mbu. Kwamba ningewafunika wangeishi. Ndiyo uliyokuja kuniambia?"

"Sikuja kukwambia hivyo, mama."

"Ndiyo unayosema. Kila anayekitazama anasikia."

Aliondoka. Nimesema mwanzoni kwamba walikosea wote, na huyu simtoi, lakini ni yeye peke yake ambaye hasira yake niliielewa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wengine walikuwa wanatetea desturi. Yeye alikuwa anatetea makaburi yake. Nililia mle ndani, nikiwa nimempa mtoto titi ili asinisikie.

Mume wangu alifika kesho yake na lori la kambi lililomshusha njiapanda. Uso wake ulikuwa umevimba kwa aibu. Kambini walikuwa wamemtundikia gunia bovu juu ya kitanda chake, wakamwambia hiki ndicho chandarua chako sasa. Alinisimulia hilo kabla hata hajamtazama mtoto.

"Kwa nini umenifanyia hivi?"

"Sikukufanyia wewe. Nimemfanyia mtoto."

"Ungemfunika."

"Na yule tulimfunika?"

Hatukuwa tumemtaja yule tangu tulipomzika. Mume wangu alisimama akifungua na kufunga kifungo cha shati. Kisha akasema tu kwamba tusubiri hitima isomwe, mjomba atasema.

Hitima ikasomwa, watu wakala wali, dua zikamalizika. Asubuhi ya kuagana mjomba akatuita barazani, mimi na mume wangu, na wazee wachache. Hakufoka. Akasema wamelipima jambo langu, wameona mimi ni mgeni mwenye uchungu, kwa hiyo wananifungulia njia. Chandarua kibaki pale, mikononi mwa mama mkwe, na mimi nirudi kwetu nikiwa mke wa mtu, na mume ataninunulia kingine Mungu akijalia. Au niondoke nacho. Lakini chandarua kilichokwisha kufika kwa watu wa mume hakirudi na ndoa ndani yake.

"Mkataa pema, pabaya panamwita," akamalizia. "Chagua, binti yangu."

Wote waliniangalia kama watu walionipa zawadi. Na kweli, kwa hesabu yao, walikuwa wamelegeza sana. Nilitazama nje. Mvua ilikuwa inanyesha, vijimto vimejaa njia nzima mpaka kwetu, na jioni hiyo tungelala tena jikoni kwa yule shoga wa mama mdogo.

"Mjomba, nashukuru," nikasema. "Leo mtoto atalala wapi njiani?"

"Walipolala njiani wenziwe wote."

"Mmoja wa wenziwe ni wangu, na hajaamka. Naondoka nacho."

Mjomba akamgeukia mume wangu, akamwambia basi, kazi ni yako. Nilimwona anavyotafuta pa kuweka macho. Kama angesema hapana, nyumba yote ya mjomba wake ingemcheka, na kambi ingemcheka, na lile gunia lingebaki juu ya kitanda chake. Alinitazama mara moja, akasema kwa sauti ndogo kwamba amenipa talaka moja.

"Nimeisikia," nikajibu, nikaenda kufungua kamba.

Nilikikunja vizuri, pindo kwa pindo, nikajitwika mbele yao wote. Mama mkwe alikuwa amekaa upenuni. Nilipopiga goti kumuaga, safari hii aliitikia. Mama mdogo alinishika mkono mpaka tumetoka kijijini, naye hakutembea tena mbele yangu. Watu tuliopishana nao walishindwa pa kunianzia. Mwanamke anayekwenda kwa wakwe na chandarua walimjua. Mwanamke anayetoka kwa wakwe na chandarua kichwani hawakuwa na neno lake, na kwa mara ya kwanza wakanisalimu tu.

Nyumbani nilianza eda yangu, na nilianza pia kumgusa mtoto paji la uso. Asubuhi nilimgusa, mchana nikamgusa, akilia nikaacha ninachofanya nikaenda kumgusa. Nilijua homa haiji siku ileile unayoumwa na mbu. Wa kwanza ilimchukua muda. Mahindi yakabeba, yakakauka, tukayavuna. Mtoto akaanza kutambaa akaniharibia unga. Siku niliyomwona amekaa juu ya rundo la mahindi makavu, anatafuna gunzi, mzima, niliketi chini nikapiga kelele mpaka majirani wakadhani nimepata msiba.

Eda ilikuwa karibu kwisha alipotokea mume wangu. Alikuja alasiri, viatu mkononi, vumbi mpaka magotini. Alisalimia watu wa nyumbani mmojammoja, akakaa barazani kwa heshima kama siku ya kuposa. Nikampelekea maji. Akasema, mbele ya mjomba wangu, kwamba amenirejea.

Mjomba akasema hayo ni ya sheria, eda haijaisha, yamepita. Mimi nikasema yamepita kwa sheria, lakini chandarua kilichoko ndani ni cha mtoto na mimi, tumekitembeza sisi, tumeachika nacho sisi. Yeye akitaka kulala hapa ana mkeka, na kesho kuna duka Nachingwea. Mama mdogo alicheka mpaka akajifunika uso. Mume wangu hakucheka wala hakukasirika. Alisema sawa.

Magharibi ikaingia. Nilimlaza mtoto, nikaingia naye, nikachomeka pindo. Mume wangu akatandika mkeka wake kando ya kitanda, akalala chali, na mbu wakampokea kama mwenyeji. Nilimsikia anavyojipiga. Nilijiambia mwache, na ajue. Nilifurahi, nakiri nilifurahi, kwa muda mfupi.

Kisha akaacha kujipiga. Nilidhani amesinzia. Akaniita, akaniuliza jambo ambalo, sasa najua, ndilo lililomleta kwa miguu kutoka Nachingwea.

"Yule wa kwanza," akasema. "Tungekwenda nacho Mkotokuyana, angepona?"

Watu wote waliobishana nami, wazee kwa vijana, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nilikuwa na majibu ya kila swali lao. La hili nilitafuta, nikakosa.

"Sijui," nikamwambia.

Nikasikia kwamba analia, kimya, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Nikainua pindo.

"Ingia," nikasema. "Upesi, usituletee mbu."